Aliyeitikiwa Kila Jioni

Walikuja wawili, dereva wa teksi na mwalimu wa chuo, wakakaa kwenye ukingo wa kochi kama watu wanaosubiri kuitwa kwa daktari. Mama Pasi aliwajua, maana wote wawili walikuwepo mazikoni. Dereva ndiye aliyehangaika na kubeba mabenchi. Mama Pasi akawatengea chai, naye akakaa, akavua viatu polepole chini ya meza wasimwone. Miguu ilikuwa imevimba. Alikuwa ametoka zamu muda si mrefu. Alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, upande wa pasi, ambako mashuka hutoka mashineni yakiwa bado yanafuka mvuke, yakapita mikononi mwake kutwa nzima. Huko ndiko alikolipata hilo jina, na tangu hapo hata majirani walisahau lile la kwanza.

"Shemeji," dereva akaanza, kisha akanywa chai. "Shemeji, pole tena."

"Nimeshapoa, shemeji."

"Ndiyo. Sasa..." Akamgeukia mwalimu. "Sema wewe. Wewe ndiye msomi."

Mwalimu alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya kunong'ona hata mahali ambapo hakuna aliyemkataza kusema. Akakiweka kikombe chini, akakinyanyua, akakiweka tena.

"Dada, ni habari ya lile darasa."

Mama Pasi alilijua lile darasa. Mumewe alilizungumzia miezi mizima akiwa amelala chali, mikono chini ya kichwa, akiliambia dari kuliko alivyomwambia yeye. Watu wote walimwita Bomba, kwa kuwa alikuwa fundi bomba tangu ujana. Siku moja aliitwa maktaba ya umma kuziba choo kilichokuwa kinavuja. Alipopita koridoni na mkoba wake wa spana, akamkuta mwanamke, mwalimu huyu huyu, amekaa peke yake nyuma ya meza yenye kitambaa cha kijani. Chuo hakikuwa na jengo upande ule wa mji, kwa hiyo kilimtuma akae maktabani awatafute watu wazima walioachia shule njiani, wasome jioni wapate cheti cha msingi ambacho kingewafungulia mlango wa kozi nyingine. Nafasi aliyopewa ilikuwa pale karibu na vyoo. Watu walimpita wakiwa na haraka zao, na walipotoka walimpita wakiwa na aibu.

"Kaka, ulisoma mpaka wapi?" akamuuliza fundi.

"Mpaka bomba lilipopasuka," Bomba akamjibu, akaingia zake chooni.

Alipomaliza kazi alinawa mikono vizuri, akarudi mbele ya ile meza. "Na mtu akiwa na mvi mnampokea?"

"Tunampokea na mvi zake."

Usiku ule alimwambia mkewe kwamba amechoka kufunga mabomba halafu mwingine anaweka saini. Akacheka alipolisema hilo, lakini kesho yake alianza kuzunguka. Alimpata dereva. Akampata mlinzi wa benki na mshonaji wa sare za shule, akapata na wengine, mmoja baada ya mwingine, kwenye majengo alikokuwa akifanya kazi. Mwalimu alikuwa amekaa pale mezani mihula miwili bila kulijaza darasa. Bomba alilijaza akiwa amejilaza chini ya masinki ya watu, akiongea na miguu iliyosimama mbele yake. Na chini ya sinki la watu ndiko moyo wake ulikosimama, akafariki kabla darasa halijafunguliwa.

"Chuo hakifungui darasa chini ya watu kumi na wawili," mwalimu akasema. "Tulikuwa na wanafunzi kumi na wawili pamoja naye."

Chumbani wifi yake alikohoa, kikohozi cha mtu anayesikiliza.

"Tunakuomba ukae tu," dereva akadakia. "Hata ukisinzia hakuna neno. Mpaka tumpate mwingine, basi. Ni kukaa tu, shemeji."

Akakubali. Baadaye wifi yake alimuuliza kwa nini. Ukweli ni kwamba alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hivyo huona kukataa ni kazi kubwa kuliko kukubali. Tangu mazishi alikuwa anakubali kila kitu. Wifi mwenyewe, dada mkubwa wa Bomba, alihamia pale kwa wiki moja, na mpaka leo sanduku lake lilikuwa uvunguni.

*

Darasa lilikuwa kwenye kona ya watoto. Kwenye ukumbi mkubwa wa kusomea haikuruhusiwa kuzungumza, lakini watoto waliondoka jioni, na kona yao ilibaki wazi na zulia lake lililochakaa, picha za twiga na tembo ukutani, na viti vya plastiki vilivyofika katikati ya muundi wa mtu mzima. Kumi na wawili wakakaa humo, magoti yakiwa karibu na videvu. Mlinzi, mtu wa miraba minne, alikaa kwenye kiti chekundu ambacho kililia kila alipopumua.

"Samaki mkunje angali mbichi," akasema siku ya kwanza, akijaribu kuipata njia ya kuiweka miguu yake.

"Sisi hata kukaangwa tulishakaangwa," dereva akamjibu. "Tukikunjwa tunavunjika."

"Shh!" ikatoka mezani kwa mkutubi. Walimpa jina la Bi Kimya kabla hata ya kujua jina lake, na yeye alilijua hilo, wala hakuonyesha kukasirika. Kila jioni aliacha taa ya kona ile ikiwaka muda mrefu kuliko zote.

Mwalimu akafungua kitabu cha mahudhurio akaanza kuita majina kwa kunong'ona. Kila aliyeitwa akanong'ona naye. Nipo. Nipo. Lilikuwa kama jambo la kuficha, na pengine ndiyo maana waliweza kuja. Mlinzi hakuwa amemwambia hata mkewe.

Mama Pasi alikuwa amesimama kwenye pasi tangu alfajiri. Kiti kilikuwa kifupi, zulia laini, na sauti zile za chinichini zilikuwa kama maji. Macho yakaanza kufumba. Ndipo akalisikia jina la mumewe, jina lake kamili, lile la vyeti, ambalo hakuna aliyelitaja tangu mchungaji alipolisoma kaburini.

"Yupo," akasema.

Kulikuwa na sababu ya kusema hivyo, na sababu yenyewe ilikuwa ya kule kazini. Kwenye chumba cha kufulia msimamizi huita majina asubuhi huku mashine zikinguruma, na hana muda wa kuinua macho. Mwenzako akichelewa, pengine mtoto anaumwa au usafiri umemwangusha, unaitika wewe: yupo. Leo kwako, kesho kwangu. Mdomo wa Mama Pasi ulikuwa umeitikia watu maisha yake yote. Ulifunguka wenyewe.

Hakuna aliyecheka. Mshonaji, mama wa makamo aliyekaa kando yake, akainamia mkoba wake akatafuta kitu ambacho hakikuwemo. Kalamu ya mwalimu ilisimama hewani. Kisha ikashuka, ikaweka alama, na jina lililofuata likaitwa.

Jioni iliyofuata mwalimu angeweza kuliruka. Hakuliruka. Alilifikia, akasita kidogo, akalitaja, na sauti ya mwanamke ikaitika kutoka kwenye kiti chake cha bluu. Jioni ya tatu hakusita. Yapo makosa ambayo mtu huyafanya si kwa ubaya, ila kwa kukosa moyo wa kuyazuia, na kadiri siku zinavyopita ndivyo kosa linavyoota mizizi mpaka linaonekana ni utaratibu. Habari ya kumtafuta mtu mwingine ikaisha yenyewe. Mama Pasi akaja, akaketi, akalisubiri jina, akaitika, akalala. Mwalimu aliandika ubaoni, wenzake wakanong'ona hesabu, naye akakoroma kwa adabu, kichwa kikiwa begani kwa mshonaji.

"Wewe unalipwa kulala?" dereva alimtania mara moja walipokuwa wanatoka.

"Si mlisema nikae tu?"

"Tulisema, shemeji. Hatukusema ukorome kama jenereta."

Alicheka, na kicheko kikamshangaza. Barabara nzima alitembea akijiuliza kilitoka wapi.

Kitu ambacho hakumwambia yeyote ni kwamba kutwa nzima, kati ya shuka na shuka, alikuwa anaisubiri ile dakika moja. Kwingine kote alishamwondoa mumewe kwa mkono wake. Alikwenda kwa mwajiri akarudisha koti la kazi na funguo. Alikwenda ofisi ya maji, akaenda na kwa mwenye nyumba. Kila dirisha aliambiwa aseme tena, kwa sauti, kwamba mtu huyu hayupo, na kila mara aliyekuwa nyuma ya dirisha alisema pole bila kuinua uso. Maktabani tu ndiko mtu alikouliza, naye akapata nafasi ya kujibu vingine.

*

Mkaguzi wa chuo aliingia jioni moja ya mvua, suruali ikiwa imelowa hadi magotini. Alikuwa mzee wa makamo, miwani kwenye paji la uso, begi limemwelemea bega moja. Kazi yake ilikuwa kuzunguka maktaba zote ambako chuo kiliweka meza na kuangalia madarasa yapi yaendelee na yapi yafungwe. Kwa jinsi alivyokaa kwenye kiti cha mtoto bila kulalamika, ilionekana ameshakaa kwenye vingi.

Akahesabu vichwa kwa kalamu. Kumi na wawili. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, na mwalimu akapumua.

"Vizuri. Sasa niwajue," mkaguzi akasema, akavuta kitabu cha mahudhurio kwake. "Nikitaja jina, mtu anyooshe mkono nimwone."

Mwalimu akakifuata kitabu kwa mkono, akaurudisha.

Majina yakaitwa, mikono ikanyooshwa. Mlinzi alinyoosha wake juu kama askari. Mama Pasi alikuwa macho safari hii. Sauti ngeni ilikuwa imemwamsha. Akalisikia jina likija kama mtu anavyosikia gari kwa mbali. Lilipotajwa hakusema kitu, na mkono wake ukabaki mapajani.

Mkaguzi akalitaja tena. Akashusha miwani. "Nimehesabu kumi na wawili. Huyu bwana yuko wapi?"

Bi Kimya aliacha kupiga mihuri mezani kwake.

"Ni nafasi ya mume wangu," Mama Pasi akasema. "Amefariki."

"Oh. Pole sana, mama. Lini?"

"Kabla darasa halijaanza."

Mkaguzi akafunua kurasa nyuma, akafunua tena. Mvua ilikuwa inapiga madirisha. Akamtazama mwalimu, hakuwa na hasira, alikuwa na uso wa mtu aliyedhani leo atarudi nyumbani mapema.

"Mwalimu. Umekuwa ukimfundisha marehemu?"

"Na hakuwa msumbufu hata kidogo, mzee," dereva akasema.

Mshonaji akampiga kiwiko cha ubavuni. Lakini mlinzi alishaanza kutikisika kwa kicheko, kiti chekundu kikalia, na hata mkaguzi akaupitisha mkono usoni ili aufiche mdomo. Kisha kicheko kikaisha, wote wakatazama zulia.

"Kosa ni langu," mwalimu akanong'ona. "Nilikuwa nimuondoe. Kila siku nilisema kesho."

"Kosa ni langu," Mama Pasi akasema. "Yeye aliita. Mimi ndiye niliyeitika."

Mkaguzi akafunga kitabu. Akasema taratibu, kama anayesoma kanuni ambazo hakuziandika yeye. Kwamba nafasi ina mwenyewe. Kwamba mwenyewe akiwa amefariki, ndugu wa karibu ndiye wa kutamka kwamba aondolewe. Si mwalimu, wala si yeye mkaguzi. Akiondolewa, nafasi inaweza kuchukuliwa na mtu mwingine, mradi awe mtu anayesoma kweli na atakayekaa kwenye mtihani. Asipoondolewa, yeye ataandika alichokiona.

"Nina maktaba nyingine mbili juma hili," akasema. "Nitapita hapa Ijumaa. Nikikuta kumi na mmoja na marehemu, meza inarudi chuoni, na kitambaa chake. Samahani, mama. Ningekuwa na njia nyingine ningekupa."

Akatoka na mvua yake. Hakuna aliyemwambia Mama Pasi neno. Ndilo lililomchosha kuliko yote: namna walivyokusanya madaftari yao taratibu, watu wazima kumi na mmoja, wakijitahidi wasimtazame.

*

Wifi alikuwa jikoni anamenya vitunguu. "Leo umerudi na uso kama shuka lisilopigwa pasi," akasema. "Nani kakufa tena?"

Mama Pasi akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa, akamsimulia. Wifi aliposikia habari ya "yupo" akaweka kisu chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na kwa sababu ya vitunguu haikujulikana yapi ni ya nini.

"Mdogo wangu! Mtu ambaye shuleni hata akiwa mzima hakuonekana! Leo kafa ndiyo anahudhuria kila siku?" Akajifuta kwa kiwiko. "Na uliitika kwa sauti yako hii hii?"

"Kwa sauti ipi nyingine, wifi?"

"Ungeikaza kiume kidogo basi."

Wakacheka wote wawili, kisha wakaacha. Sufuria ilikuwa inachemka, hakuna aliyeiangalia.

"Hivi mtu akiwa anaitwa kila jioni," wifi akasema, sasa bila utani, "atapumzika saa ngapi?"

"Ni pale tu anapoitwa. Kwingine kote nimeshamfuta. Hata namba yake ya simu amepewa mtu mwingine."

"Umejuaje?"

Mama Pasi akaokota ganda la kitunguu sakafuni.

"Ulipiga?"

"Nilipiga."

Wifi akachukua kisu, akakata kitunguu kimoja mpaka kikaisha. "Na mimi nilipiga," akasema. "Ni kijana mstaarabu. Hakukata. Alisema, mama, nadhani umekosea namba, halafu akangoja mpaka nikamaliza."

Baadaye Mama Pasi akamuuliza afanye nini, maana ndugu wa karibu ni wao wawili.

"Mimi usinitwishe," wifi akasema. "Wewe ndiye uliyelala naye kitanda kimoja. Wakifunga, wafunge. Mabomba hayajali cheti. Ila jua, wale watu aliwakusanya mwenyewe, kwa mdomo wake ule. Mimi kanisani alikuwa hanisindikizi, lakini dereva wa teksi alimfuata hadi stendi kumwambia habari za shule." Akasonya, kwa huzuni zaidi kuliko kwa hasira. "Pakua tule, umechoka."

*

Alhamisi ilikuwa siku ya mashuka ya wodi ya upasuaji, yale yenye madoa yanayorudi mashineni mara mbili. Mama Pasi alijikaza kisabuni, akafunga aproni, akasimama mahali pake. Mvuke ulikuwa umeshajaa. Msimamizi akaanza kuita majina bila kuinua macho, kama kawaida yake, mashine zikinguruma.

Likaitwa jina la binti anayekunja foronya. Mahali pake palikuwa patupu.

"Yupo!" akaitika mama mmoja kwenye masinki.

Mama Pasi aliinua ncha mbili za shuka, akazikutanisha, akaangalia mlango wa nyuma. Hakujua kwa nini anauangalia. Majina yakaendelea. Alikunja shuka moja, la pili, la tatu, na kabla la nne halijafika mikononi mwake mlango ukafunguka, binti akaingia anahema, kilemba mkononi, akapenya kati ya marundo akainama mahali pake kana kwamba alikuwepo tangu jana. Mama wa masinki hakugeuka hata kumtazama. Hakuwa na wasiwasi tangu mwanzo. Alipoitika alijua kwamba mtu yuko njiani.

Shuka lilikuwa la moto. Mama Pasi akalishika mpaka viganja vikamuuma, akalilaza mezani. Aliitikia watu miaka yote hiyo, na kabla ya kule maktabani hakuwahi hata mara moja kumwitikia mtu ambaye haji.

"We Mama Pasi, shuka limekunjwa upande," jirani yake akamwambia.

Akalifunua, akaanza upya.

*

Ijumaa walikuwepo wote mapema, mpaka mlinzi, ambaye alibadilishana zamu na mwenzake na ikabidi amwambie mwenzake ni kwa ajili ya nini. Hawakufungua madaftari. Mwalimu alikuwa amekunja kile kitambaa cha kijani akakiweka juu ya begi lake, tayari kwa lolote. Mkaguzi akaingia, akakaa, akashusha miwani.

"Mama," akasema. "Nakusikiliza."

Mama Pasi alikuwa amejiandaa kusema maneno mengi. Alitaka kusema namna mumewe alivyokuwa akinawa mikono hadi kwenye viwiko kabla ya kushika daftari jipya alilonunua. Alitaka waliokuwa pale wajue kwamba daftari lile bado ni jeupe. Lakini lililotoka lilikuwa moja.

"Mwondoe," akasema.

"Natakiwa kuandika sababu."

Wote walikuwa wanaijua sababu. Yeye mwenyewe mkaguzi aliijua. Hata hivyo alingoja, kalamu mkononi, na hakuangalia pembeni kama wale wa madirishani.

"Hatakuja," Mama Pasi akasema.

Mkaguzi akaandika. Kalamu ilikwaruza karatasi, na kwenye kona ile ya watoto kila mtu aliisikia. Mlinzi alikuwa amevua kofia yake. Dereva, ambaye hakuwahi kukosa neno, alikuwa anasoma bango la herufi ukutani kwa bidii kubwa.

"Basi mko kumi na mmoja," mkaguzi akasema kwa upole.

"Niandike mimi."

"Uwe mwanafunzi?"

"Niwe."

"Mtihani utafanya?"

"Sijui hata wanasoma nini."

"Sehemu," mshonaji akamnong'oneza.

"Sehemu za nini?"

"Mungu wangu," dereva akasema. "Tumefungwa."

Kicheko kikawatoka wote kwa pamoja, kile cha watu waliobana pumzi muda mrefu, na kikapita ukumbi mzima mpaka wasomaji wa magazeti wakageuka. Wakangoja "shh". Haikuja. Bi Kimya alikuwa ameinamia droo yake, anatafuta kitu, na alikitafuta mpaka walipotulia.

Mkaguzi akamuuliza Mama Pasi jina. Ikambidi afikirie. Akalitaja, lile la kwanza, na majirani zake wa viti wakalisikia kwa mara ya kwanza wakamtazama kama mgeni. Likaandikwa chini kabisa, mwishoni. Mkaguzi akafunga begi, akasimama kwa shida akishika goti, akamwambia mwalimu watazungumza chuoni kuhusu yale mahudhurio, na kwa sauti yake ilionekana mazungumzo hayatakuwa mafupi wala hayatakuwa mabaya sana. Akaondoka.

Mwalimu akasimamisha ubao wake. "Haya," akanong'ona. "Tuendelee pale tulipoishia juzi."

"Mwalimu," Mama Pasi akasema. "Mimi sikuwa nasikiliza."

"Juzi?"

"Siku zote."

Mwalimu akautazama ubao, akawatazama wale wengine.

"Kwa hiyo unataka turudi wapi, shemeji?" dereva akauliza, ingawa alishajua.

"Mwanzo."

"Mwanzo wa sura hii?"

"Mwanzo kabisa."

Wakaguna, kumi na mmoja kwa pamoja. Mlinzi akalisema jina la Mungu wake. Mmoja akasema wataufikia mtihani wakiwa na mikongojo, mwingine akamjibu kwamba mikongojo wanayo tayari. Lakini kurasa zikasikika zikifunuliwa kurudi nyuma, na mshonaji akalisogeza daftari lake katikati ili wasome wawili.

Mwalimu akafuta ubao wote, akaandika juu kabisa, akaanza kueleza kwa ile sauti yake ya chinichini. Mama Pasi alikaza macho. Alielewa sentensi ya kwanza. Akaelewa na ya pili, au alidhani ameielewa. Miguu ilikuwa inawaka ndani ya viatu, mgongo ulikuwa na ile Ijumaa nzima, na kiti kilikuwa kifupi kama kawaida. Ya tatu ilimjia kutoka mbali, na kichwa kikaanza kulitafuta bega la jirani.

Mshonaji akamfinya paja, akamfinya kweli.

"Usilale," akamnong'oneza. "Sasa ni wewe."

"Nimeamka," Mama Pasi akasema. "Amesemaje hapo?"